Guaifenesini, asetilisisteini au ambroksoli: ipi kwa makohozi mazito?

"Dada, naomba dawa ya kulainisha kifua."

"Kikohozi kikavu au kina makohozi?"

"Kina makohozi, tena mazito, hayatoki."

"Basi chukua hii, anko. Vijiko viwili, kutwa mara tatu."

Mazungumzo ya duka la dawa huishia hapo, na mteja huondoka na chupa ya guaifenesini. Angefika jioni, zamu ya mtu mwingine, huenda angepewa vidonge vya ambroksoli, au kidonge kikubwa cha asetilisisteini cha kuyeyusha kwenye glasi ya maji. Zote tatu huuzwa kama dawa ya makohozi, lakini kazi zake ni tofauti. Nimeziweka hapa upande kwa upande, nikianzia mahali zilipowahi kupimwa pamoja kwa masharti yaleyale: kwenye seli za binadamu zilizooteshwa maabara. Matokeo ya huko yana mshindi wa wazi. Tatizo ni kwamba ukimfuata mshindi huyo hadi dirishani, unaweza kununua dawa isiyokufaa.

Ute unatoka wapi

Njia za hewa zimefunikwa na ute hata kwa mtu mzima wa afya. Karibu asilimia 97 yake ni maji. Kinachobaki ni chumvi, protini na mafuta, na kinachoupa ule mnato ni protini ndefu zinazoitwa mucini. Katika mapafu mucini mbili ndizo kuu, MUC5AC na MUC5B. MUC5AC hutoka hasa kwenye seli zenye umbo la kikombe zilizo kwenye ukuta wa mirija ya hewa. Ndani ya seli hizo mucini hukaa imekunjwa na kukaushwa kwenye vifuko vidogo. Kifuko kikipasuka, mucini hunywa maji na kuvimba mara mamia. Pembeni kuna seli zenye vinyweleo vinavyopigapiga bila kupumzika, vikiusukuma ute huo kuelekea kooni, tuumeze au tuuteme.

Kwa hiyo dawa ina njia tatu za kusaidia: kupunguza ute unaotengenezwa, kulegeza ulioko tayari, au kuusogeza utoke haraka. Shika hayo matatu, maana ndiyo tutakayolinganisha nayo.

Kwenye sahani ya maabara

Mwaka 2012, Seagrave na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti uliozipima dawa hizi tatu kwenye seli za koromeo la hewa na mirija ya mapafu ya binadamu. Hizi si seli za saratani zinazokua ovyo kwenye chupa, ambazo maabara nyingi hutumia kwa kuwa ni rahisi na hazichoki. Ni seli halisi za mtu, na kuzilea kunataka subira. Hupandwa juu ya utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Zikishajaa, kimiminika cha juu huondolewa ili ziguse hewa, na chakula hupitia chini ya utando. Baada ya takriban wiki tatu hadi nne, ndani ya kabati la nyuzi joto 37, zinajipanga upya: baadhi zinaota vinyweleo, baadhi zinakuwa vikombe vya ute. Ukiangalia kwa hadubini unaona ute unazunguka juu ya sahani, umebeba chembe ndogo ulizotupia, na kasi ya chembe hizo ndiyo kipimo cha jinsi ute unavyosafirishwa.

Sahani ya namna hii ikiwa na afya haina makohozi ya kulalamikiwa. Kwa hiyo watafiti waliziudhi seli kwanza kwa interlukini-13, kemikali ya ujumbe ambayo mwili wa mtu mwenye pumu ya mzio huitoa kwa wingi na ambayo huziambia seli zitengeneze ute zaidi. Ilifanya kazi yake: MUC5AC iliyokuwa ndani ya seli iliongezeka kwa karibu robo, iliyomwagwa nje ilikaribia mara mbili, na mwendo wa ute ukapungua. Siku tatu baadaye wakaongeza dawa, kuanzia maikromola 10 hadi 300 (kipimo cha wingi wa dawa ndani ya kila lita), huku interlukini ikiendelea kuwepo.

Matokeo, kwa ufupi:

| | Guaifenesini | Asetilisisteini | Ambroksoli |
|---|---|---|---|
| Kupunguza MUC5AC | Ndiyo, na kadiri dozi inavyopanda | Kwa kiasi kidogo zaidi | Kwa kiasi kidogo zaidi |
| Kulegeza ute | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo |
| Kuharakisha mwendo wa ute | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo |
| Kupambana na viini vioksidishaji (kemikali zinazoharibu seli) | Hapana | Ndiyo | Hapana |
| Kuua seli | Hapana | Hapana | Hapana |

Guaifenesini ilipunguza utoaji wa MUC5AC kwa nusu ya uwezo wake kwenye takriban maikromola 100 ndani ya saa 24. Kwa MUC5AC iliyobaki ndani ya seli, kiwango hicho kilikuwa takriban 150. Hilo lilikuwa jipya kidogo. Kwa miaka mingi maelezo ya vitabuni yamekuwa kwamba guaifenesini huchokoza tumbo, tumbo hupeleka ujumbe kupitia neva ya vagasi, na tezi za mapafu hujibu kwa kutoa majimaji yanayolegeza makohozi. Sasa, sahani haina tumbo wala neva. Kama dawa imefanya kazi pale, basi ina njia nyingine ya kuzigusa seli zenyewe moja kwa moja. Kwa mtu anayependa kujua dawa inafanyaje kazi, hii ndiyo habari tamu kuliko zote kwenye utafiti ule.

Mshindi wa sahani na hesabu ya damu

Hapa ndipo ninapoomba utulie na kalamu. Maikromola 100 za guaifenesini ni sawa na karibu miligramu 20 kwenye kila lita. Mtu mzima akimeza miligramu 600 kwa mkupuo, kilele cha dawa kwenye damu yake huwa karibu miligramu 1.4 kwa lita, na baada ya saa moja hivi nusu imeshaondoka. Sahani ilipewa mara kumi na zaidi ya kile ambacho damu hupata, na ilikaa nacho mchana kutwa na usiku kucha. Dozi za chini kwenye utafiti, zile za maikromola 10, ndizo zinazokaribiana na damu ya mgonjwa. Lakini ushindi mkubwa haukuwa huko.

Na chupa nyingi za kwetu hazifikishi hata hizo miligramu 600. Dawa za maji za mchanganyiko, zenye salbutamoli au tabutalini, bromheksini, guaifenesini na mentholi, mara nyingi huwa na miligramu 50 za guaifenesini kwa kila mililita 5. Vijiko viwili kutwa mara tatu ni miligramu 300 kwa siku nzima. Dozi inayotambulika ya mtu mzima ni miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa nne, bila kupita 2,400 kwa siku. Kwa hiyo yule anko wa dirishani anatumia sehemu ya nane ya kiwango cha juu, kisha anasema dawa haina nguvu. Kinachompa nafuu kwenye chupa ile huenda ni salbutamoli inayotanua mirija, ambayo pia ndiyo inayomfanya mikono itetemeke na moyo uende mbio.

Asetilisisteini nayo sahani iliidhulumu, ila kwa upande wa pili. Kazi yake ya asili ni kukata viungo vya salfa vinavyoshikanisha mucini moja na nyingine. Kwa kazi hiyo inatakiwa iwe nyingi na iguse makohozi yenyewe. Myeyusho wa asilimia 10 unaovutwa kwa mashine ya mvuke hospitalini una gramu 100 kwa lita, wakati dozi ya juu kabisa kwenye sahani haikufika hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Kwa hiyo kusema "asetilisisteini ilishindwa" ni kuilaumu kwa mechi ambayo haikucheza kwenye namba yake. Ukiimeza, hata hivyo, ini na utumbo huila sana. Karibu asilimia 10 au pungufu ndiyo inayofika kwenye damu ikiwa nzima.

Ambroksoli ina kisa chake. Kwenye damu huwa kidogo sana, lakini hupenda kujikusanya kwenye mapafu, kwa kiasi kinachozidi cha kwenye damu mara nyingi, na hukaa mwilini kwa masaa. Hilo pia sahani haiwezi kulionyesha, kwa kuwa haina damu ya kulinganisha.

Kuna lingine. Ute wa sahani ni msafi. Makohozi ya kijani au ya njano ya mgonjwa yamejaa mabaki ya seli za kinga zilizokufa, na nyuzi za DNA kutoka kwenye seli hizo huongeza unato wake juu ya ule wa mucini. Kupunguza MUC5AC hakugusi kabisa sehemu hiyo. Na niseme pia, mtengenezaji wa guaifenesini alikuwa na mkono kwenye utafiti ule wa 2012. Hilo halifanyi namba kuwa za uongo, ila ni sababu ya kusoma jedwali bila haraka ya kushangilia.

Kama unadhani nazidisha tahadhari, angalia yaliyotokea kwa dawa za kuzuia EGFR, kipokezi kilicho juu ya seli ambacho hupokea ujumbe wa kemikali. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba kipokezi hicho ndicho swichi kubwa ya kuwasha MUC5AC, na ukikizuia kwenye seli na wanyama, ute unakata. Ilionekana njia imepatikana. Mwaka 2010 yakachapishwa majaribio ya dawa ya kuvuta ya aina hiyo kwa wagonjwa 48 wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, kwa wiki nne: akiba ya mucini kwenye mirija yao haikupungua kwa kiasi cha maana, na waliopewa dozi kubwa walipata madhara. Kile kilichokuwa wazi kwenye sahani kilipotelea ndani ya kifua.

Kwa mgonjwa mwenyewe

Guaifenesini ndiyo iliyopimwa kidogo zaidi kwa watu, jambo la kushangaza kwa dawa iliyo kwenye rafu za Marekani tangu 1952. Mapitio makubwa ya tafiti za dawa za kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari hayakupata ushahidi mzuri wa kuziunga mkono wala wa kuzikataa. Faida yake ni usalama: kichefuchefu kidogo kwa baadhi ya watu, na mawe ya figo kwa wanaoitumia kwa wingi mno kwa muda mrefu. Kwa mafua ya siku chache ambayo yangepona yenyewe, sioni ubaya kuitumia, mradi iwe peke yake na kwa dozi kamili.

Asetilisisteini ina tafiti nyingi zaidi, na zinagombana. Mwaka 2005 huko Ulaya, miligramu 600 kwa siku hazikuzuia mapafu ya wagonjwa wa kuziba kwa njia za hewa yasiendelee kudhoofika. Mwaka 2014 nchini China, watu zaidi ya 1,000 walipewa miligramu 600 mara mbili kwa siku au dawa bandia, kwa mwaka mzima. Waliotumia dawa yenyewe walizidiwa mara 1.16 kwa mwaka, wenzao mara 1.49. Dozi ni mara mbili, na muda ni mwaka. Mtu anayekunywa sacheti tano za miligramu 200 kisha akaacha hajafanya jaribio lile.

Angalizo zake ni za kweli. Mwenye pumu akiivuta kama mvuke inaweza kumbana kifua, na kwa mdomo pia awe mwangalifu. Vidonge vya kuyeyusha vina sodiamu, hivyo mwenye presha au moyo dhaifu asome boksi. Anayetumia naitrogliserini kwa ajili ya moyo asichanganye bila daktari, kwa kuwa presha inaweza kushuka na kichwa kikauma vibaya. Vinginevyo ni molekuli yenye kazi nyingi: ndiyo dawa ya kuokoa ini la mtu aliyezidisha parasetamoli. Na kwenye maabara za TB, makohozi mazito huchanganywa na asetilisisteini na magadi makali ya sodiamu ili yalegee na vijidudu vingine vife, kabla ya kuoteshwa kutafuta kifua kikuu. Pale ndipo utakapoiona ikikata makohozi kwa dakika chache mbele ya macho yako, kwa kuwa inayagusa moja kwa moja.

Ambroksoli ni mtoto wa bromheksini, kwa maana halisi: ukimeza bromheksini, ini huigeuza sehemu yake kuwa ambroksoli. Bromheksini nayo ilitengenezwa kwa kuiga kemikali ya mmea wa vasika, unaotumiwa kwa kikohozi India tangu zamani. Matokeo yake ya vitendo ni rahisi: ukiwa na chupa ya mchanganyiko yenye bromheksini na vidonge vya ambroksoli, unatumia dawa moja mara mbili. Ambroksoli ina tabia ambayo wenzake hawana, ya kufisha ganzi kidogo, na ndiyo maana hutengenezwa pia kama peremende za koo linalouma. Kwa mtu ambaye kikohozi kimemkwaruza koo hadi kumeza ni adhabu, hiyo ni sababu ya kuichagua. Mwaka 2015 wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliongeza onyo kwenye ambroksoli na bromheksini kuhusu mzio, na vipele vibaya vya ngozi ambavyo ni nadra. Vikitokea malengelenge au vidonda mdomoni, acha dawa uende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna wa nne ambaye hakuwepo kwenye sahani ile: kabosisteini. Jina linafanana na asetilisisteini na wauzaji huzichanganya, ila kabosisteini haikati viungo vya salfa. Hubadilisha aina ya mucini inayotengenezwa. Mwaka 2008, nchini China, miligramu 1,500 kwa siku kwa mwaka zilipunguza kuzidiwa kwa wagonjwa wa kuziba kwa njia za hewa kwa karibu robo. Lakini kwa ugonjwa wa mirija ya mapafu iliyotanuka, majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa 2025 hayakuona faida ya kabosisteini wala ya mvuke wa maji ya chumvi kali katika kupunguza kuzidiwa. Mwenye vidonda vya tumbo vinavyouma sasa asiiguse.

Basi uchukue ipi?

Una mafua ya juzi, makohozi mazito, huna ugonjwa mwingine: guaifenesini peke yake, kwa dozi ya mtu mzima iliyoandikwa kwenye boksi, na uache ukipata nafuu. Usipoinunua kabisa hujapoteza kitu kikubwa. Koo likiwa linauma sana, peremende za ambroksoli zinakufaa zaidi.

Umevuta sigara miaka, au umepikia kuni na mkaa jikoni kusikopitisha hewa, unakohoa makohozi karibu kila siku na kuna vipindi unazidiwa: hapa guaifenesini naiweka kando, licha ya ushindi wake wa sahani. Asetilisisteini miligramu 600 mara mbili au kabosisteini ndizo zenye ushahidi kwa watu, na ni za kujadili na daktari kwa mpango wa mwaka, baada ya kupimwa mapafu kwa kupuliza, pamoja na dawa za kuvuta kama utaandikiwa.

Una vidonda vya tumbo: kabosisteini hapana, nyingine kwa uangalifu. Una pumu: mchanganyiko wenye salbutamoli ya maji si mbadala wa dawa yako ya kuvuta, na ukiona unaihitaji kila wiki, pumu yako haijadhibitiwa.

Ni mtoto: mama, kabla ya kutaja dawa, taja umri. Ufaransa ilipiga marufuku asetilisisteini na kabosisteini kwa walio chini ya miaka miwili mwaka 2010, kwa kuwa mtoto mdogo hana nguvu ya kukohoa ute uliolegezwa na unaweza kumziba. Aliyepita mwaka mmoja, kijiko cha asali usiku kinamtosha mara nyingi. Anayepumua kwa haraka au mbavu zikiingia ndani hatakiwi dukani, anatakiwa kituoni sasa hivi.

Chupa yoyote utakayopewa, igeuze usome viambato. Ukikuta guaifenesini na dekstromethofani au kodeini pamoja, mmoja anayatoa makohozi na mwingine anazuia kikohozi cha kuyatoa, irudishe. Ukikuta dawa ya mzio inayoleta usingizi ndani yake, jua pia hukausha.

Na yule anayekohoa wiki mbili na zaidi, mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au damu kwenye makohozi, hana haja ya kuchagua kati ya hizi. Anahitaji kikopo cha makohozi kwenye kituo cha afya cha serikali, ambako kipimo cha TB ni bure.